Mama Mwenye Nyumba, Mjumbe na Dalali: Wema Ulivyojenga Biashara ya Nyumba Mjini

Ukitafuta chumba Dar es Salaam siku hizi, unafungua simu tu. Ndani ya nusu saa umeshatumiwa picha kumi: chumba na sebule, masta, selfu, nyumba nzima ndani ya geti. Dalali ameshakutajia hela ya kuzungushwa, ameshakuambia mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, na ikiwezekana mwaka. Hakuna anayekuuliza kwenu wapi, wala kama umekula.

Haikuanza hivyo. Kwa vizazi kadhaa biashara ya nyumba katika miji ya pwani ilisimama juu ya salamu, futari, misiba na maneno ya watu. Walioijenga hawakuwa na ofisi wala bango. Walikuwa mama mwenye nyumba aliyekaa kibarazani na ungo wake wa mchele, mzee mwenye minazi yake nje ya mji, mjumbe wa nyumba kumi mwenye mhuri na peni moja. Majina yao hayamo vitabuni, lakini mitaa waliyoikata ndiyo hiyo tunayopita na daladala kila siku.

Historia yao ina utamu, na ina uchungu pia. Wema ule ulikuwa mtaji wa kweli, uliojenga nyumba na kulisha watoto. Ila ulikuwa na bei yake, na waliosahau bei hiyo, wapangaji kwa wenye nyumba, walikuja kuilipa siku ambayo hawakuitarajia.

Ng'ambo: kiwanja cha bure kisichokuwa bure

Tuanzie Unguja, kwa sababu huko jambo hili lilionekana mapema na kwa kishindo.

Mji wa Zanzibar uligawanywa na mkono wa bahari. Upande mmoja Mji Mkongwe wenye majumba ya mawe, upande wa pili Ng'ambo yenye nyumba za miti, udongo na makuti. Sehemu kubwa ya ardhi ya Ng'ambo ilikuwa ya matajiri, wengi wao Waarabu, lakini waliojenga juu yake walikuwa watu wa kawaida: mafundi, wachukuzi, wachuuzi, na baada ya utumwa kupigwa marufuku kisheria mwaka 1897, maelfu ya watu waliokuwa watumwa wakaja mjini kuanza maisha yao.

Walijengaje bila fedha ya kununua kiwanja? Waliomba. Mtu alikwenda kwa mwenye ardhi, akaeleza shida yake, akaonyeshwa pa kusimamisha nguzo. Nyumba ikawa yake, ardhi ikabaki ya tajiri. Mambo hayo mawili kutengana lilikuwa jambo la kawaida: unaweza kumiliki kuta na paa bila kumiliki mchanga ulio chini yake.

Tajiri alipata nini? Alipata watu. Enzi zile utajiri ulihesabiwa pia kwa watu wanaosimama nyuma yako: wanaokuja harusini kwako, wanaobeba jeneza la mzee wako, wanaokusalimia njiani kwa heshima. Kumpa mtu mahali pa kujenga kulikuwa kununua heshima, na wengine walikwenda mbali zaidi, wakaiweka ardhi wakfu ili wategemezi wao wakae na kizazi chao.

Mambo yakabadilika taratibu. Watu wakaongezeka, ardhi ikapanda thamani, wenye ardhi wakaingia kwenye madeni, viwanja vikauzwa kwa watu wengine. Mali za wakfu nazo zikawekwa chini ya kamisheni ya serikali iliyoanza mwaka 1905. Mmiliki mpya hakumjua mkaaji, wala baba yake hakuwahi kula naye. Alichokiona ni kiwanja kinachoweza kuleta fedha. Kodi ya kiwanja ikaanza kudaiwa, kisha ikapanda.

Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakagoma. Walikataa kulipa kodi ya viwanja, na wanawake wenye nyumba zao walikuwa mstari wa mbele. Hoja yao haikuwa ngumu kuielewa: sisi ndio tuliojenga, sisi ndio tuliofanya pori hili liwe mtaa, na tulipewa mahali hapa kwa utu. Iweje leo aje mtu tusiyemjua atudai? Serikali ya kikoloni ililazimika kutunga sheria ya kudhibiti kodi za viwanja. Ilikuwa mojawapo ya harakati kubwa za watu wa mjini Zanzibar katika kipindi kile.

Kwa wapenzi wa burudani, mwaka huo huo wa 1928 Siti binti Saad, aliyekuwa akiishi na kuimba Ng'ambo, alisafiri kwenda Bombay kurekodi santuri zake za kwanza. Sauti iliyofungua njia ya taarabu ya Kiswahili kwenye santuri ilitoka katika mitaa ile ile, wakati watu wake wakibishana juu ya nani mwenye haki na ardhi waliyoikalia.

Funzo la Ng'ambo ni hili: wema unaojenga mtaa ni mkataba hata kama haujaandikwa. Ukiuza ardhi, unamuuzia mwenzako pia matarajio ya watu waliopo juu yake.

Kariakoo: vyumba sita na ukumbi mmoja

Vuka bahari uje Dar es Salaam. Wajerumani walipoufanya mji huu makao yao makuu mwaka 1891, na hasa kuelekea mwaka 1914, waliugawa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini na eneo la Waafrika. Waingereza walipochukua nchi wakaendelea na mpango huo huo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukawa mpaka kati ya mji wa biashara na Kariakoo. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi pale wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye Ilala ikafuata, na baada ya vita vya pili zikaja Magomeni, Temeke na Kinondoni.

Mwafrika aliyepata kiwanja Kariakoo alikuwa na tatizo moja kubwa: fedha ya kujengea. Benki haikuwa yake. Zaidi ya hapo, kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Tanganyika iliweka sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara aliyemkopesha Mwafrika bila kibali hakuweza kwenda mahakamani kudai deni lake. Ilielezwa kuwa sheria ya kumlinda Mwafrika asidhulumiwe, lakini matokeo yake yalikuwa mlango wa mkopo kufungwa. Benki pekee iliyobaki ilikuwa watu.

Ndipo ikasimama ile nyumba tunayoiita nyumba ya Kiswahili. Unaijua: ukumbi unapita katikati kutoka mlango wa mbele mpaka uani, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Mbele baraza. Nyuma ua, jiko, choo na bafu. Ilianza kwa boriti za mikoko, fito na udongo, juu makuti. Kisha yakaja madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, kisha bati, kisha matofali. Nyumba hiyo ilijengwa kwa miaka, si kwa miezi. Upatu wa akina mama ulinunua bati, faida ya vitumbua na maandazi ikanunua mlango, na ndugu aliyekuja mjini akachanganya udongo kwa kubadilishana na mahali pa kulala.

Nyumba ile ilikuwa biashara tangu siku ya kwanza. Mwenyewe alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Mwishoni mwa miaka ya 1950 afisa mmoja wa kikoloni, J. A. K. Leslie, alifanya uchunguzi mrefu juu ya maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam. Picha iliyotoka katika kazi yake ni ya mji wa wapangaji: watu waliokaa chumba kimoja katika nyumba ya mtu, wakitumia ua mmoja, na mgeni kutoka bara akifikia kwanza kwa ndugu au mtu wa kwao kabla ya kupata chumba chake.

Hapo ndipo akina mama walipong'ara. Ndoa za mjini zilivunjika sana, na mwanamke aliyeachika alirudi na nini? Vyombo huvunjika, dhahabu huuzwa, lakini nyumba haiendi popote. Wanawake wengi walioweka akiba zao kwenye nyumba walijihakikishia uzee wao. Mama mwenye nyumba akawa mtu mkubwa mtaani. Anajua nani kaingia, nani hajala, nani mke wake karudi kwao, nani kapata kazi bandarini.

Hesabu ya wema

Watu wengine wakisikia habari za mama mwenye nyumba anayewapa wapangaji chai, wanadhani alikuwa mtu laini asiyejua biashara. Hapana. Hesabu yake ilikuwa kali kuliko ya wengi.

Tuichukue kwa fedha za leo ili ieleweke. Tuseme nyumba ina vyumba 5 vya kupangisha, kila kimoja shilingi 60,000 kwa mwezi. Jumla 300,000. Mpangaji mmoja akafukuzwa kwa kuchelewa wiki mbili, chumba kikakaa tupu miezi miwili. Hapo 120,000 imekwenda. Ongeza chokaa na kitasa kipya. Ongeza hatari ya kumpokea mtu usiyemjua, ambaye huenda akaondoka usiku na bili ya umeme. Kumvumilia yule wa kwanza wiki mbili kulikuwa na gharama ndogo zaidi, na juu yake umepata mtu atakayekukumbuka.

Bibi zetu hawakuiandika hesabu hii, lakini waliiishi. Kibarua wa bandarini alilipwa kwa siku, na meli isipotia nanga hakuna kazi. Ukimbana leo, kesho huna mpangaji. Ukimwambia "mwanangu, utanipa ukipata", meli ikija wewe ndiye wa kwanza kulipwa, kabla ya muuza kahawa na fundi cherehani. Na hasemi mwenyewe tu. Akienda kazini atawaambia wenzake kwamba kwa mama fulani mtu anakaa kwa amani. Chumba kikibaki wazi Ijumaa, Jumatatu kina mtu. Dalali wa nini?

Faida nyingine ilikuwa ulinzi. Nyumba yenye wapangaji wanaoelewana haihitaji mlinzi. Paa likivuja, kijana wa chumba cha tatu anapanda bila kuitwa fundi. Mama akiumwa, kuna wa kukimbilia hospitali naye.

Na kulikuwa na msiba. Hili ndilo lililopima watu. Mpangaji aliyefia mjini mbali na kwao alihitaji sanda, kaburi na watu wa kumsindikiza. Watani walifika, vyama vya watu wa kabila moja vilichanga, lakini tanga mara nyingi lilikaa pale pale alipopanga. Mwenye nyumba aliyefungua ukumbi wake kwa msiba wa mtu asiye ndugu yake, akaazima mikeka na sufuria, alijijengea jina ambalo tangazo la redio lisingeweza kulinunua. Ndugu wa marehemu walirudi bara wakamtaja. Mwaka uliofuata mdogo wa marehemu anakuja mjini kutafuta kazi, ameshaelekezwa pa kushukia.

Bila shaka hawakuwa wote hivyo. Walikuwepo wenye nyumba waliozima taa saa tatu usiku, waliohesabu ndoo za maji, waliotupa godoro la mtu barazani mvua ikinyesha. Nao wanakumbukwa, ila kwa namna nyingine. Na wapangaji walikuwepo waliokula wema wa mama wa watu wakahama alfajiri. Lakini mtaa ulikuwa mdogo na habari zilitembea. Mpangaji aliyemkimbia mwenye nyumba Kariakoo alikuta jina lake limeshatangulia Ilala.

Minyaa, minazi na karatasi ya mjumbe

Baada ya uhuru mji ulipasuka kwa watu. Mwaka 1957 Dar es Salaam ilikuwa na wakazi kama 128,000. Mwaka 1967 wakafika takriban 272,000, na mwaka 1978 walikuwa zaidi ya 840,000. Serikali ilianzisha Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, ikapima viwanja Sinza, Kijitonyama na kwingineko katika miaka ya 1970, ikaanzisha Benki ya Nyumba. Lakini watu walikuja kwa kasi kuliko viwanja.

Siasa ya ardhi nayo ilikuwa imebadilika. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa kudumu ulifutwa, ardhi yote ikawa ya umma. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwenye nyumba mkubwa akaonekana kama mnyonyaji. Mwenye nyumba mdogo wa uswahilini, mwenye vyumba vyake sita, akaendelea na maisha yake.

Kisheria ardhi tupu haikuwa na bei. Kilichotambuliwa ni kile ulichokiongeza juu yake: nyumba, minazi, miembe. Basi watu wa Manzese, Buguruni, Vingunguti na Mbagala wakafanya nini? Wakauza minazi. Karatasi inasema mzee fulani amemuuzia bwana fulani minazi minne na mwembe mmoja, na kila mtu anajua kinachouzwa ni mchanga ulio chini.

Ununuzi wenyewe ulianza zamani kabla ya fedha kutoka mfukoni. Mgeni alifika, akapanga chumba kwa mtu. Akaonekana msikitini au kanisani, akaonekana misibani. Akaomba kipande cha kulima mihogo, akapewa. Baada ya mwaka au miaka, mzee mwenye shamba akiwa na shida ya mahari au matibabu, alimwita yule yule aliyekuwa akimlimia mpakani. "Wewe ni mtu, nakukatia." Bei ilipatanwa kwa mafungu: nusu sasa, nusu ukivuna au ukipata mshahara. Hakukuwa na riba, wala dhamana nyingine zaidi ya mwenendo wako.

Siku ya kukabidhiana, majirani wa pande zote nne waliitwa. Walitembea mpaka mzima kwa miguu, wakapanda minyaa au mkonge pembeni. Mjumbe wa nyumba kumi, kiongozi wa chini kabisa katika mfumo ulioanzishwa na TANU miaka ya 1960, akaandika karatasi, mashahidi wakatia saini au dole gumba, mhuri ukagongwa, watu wakanywa soda. Watafiti wa masuala ya ardhi, akina Wilbard Kombe wa chuo cha Ardhi, walikuja kuuchunguza utaratibu huu baadaye wakakuta kwamba, ingawa serikali haikuupanga, ulikuwa na kanuni zake na watu waliuamini. Hata leo sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi katika maeneo ambayo hayakupimwa kabla ya kujengwa. Nusu ya mji huu imejengwa juu ya "huyu ni mtu".

Wema ulipogeuka kesi

Sasa tuje kwenye uchungu wake.

Mzee aliyekukatia kiwanja kwa mapenzi alikuwa anajua mpaka uko wapi. Jirani aliyesimama shahidi alikuwa anajua. Mjumbe alikuwa anajua. Ila wote hao ni binadamu. Mzee akafa, jirani akarudi kijijini kwao, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992 mjumbe akabaki mtu wa chama chake, mambo ya mtaa yakahamia serikali ya mtaa. Karatasi ililiwa na mchwa ndani ya sanduku la bati.

Kisha watoto wa mzee wakakua. Wamezaliwa mjini, wanajua bei. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilikuwa imeshakubali kwamba ardhi ina thamani, na marekebisho ya mwaka 2004 yakafungua zaidi njia ya kuuza ardhi tupu. Minazi haikuhitajika tena kwenye karatasi. Kipande ambacho baba alikitoa kwa mahari ya mwanawe sasa ni mamilioni. Kijana anasimama barazani kwa mtu aliyekaa pale miaka thelathini, anamwambia: "Baba alikuazima tu."

Nani anaweza kuthibitisha? Neno "nakukatia" na neno "nakuazima" yalitamkwa kwa sauti moja ya upole, mbele ya mashahidi ambao sasa wako makaburini. Kuna waliouziwa kiwanja kimoja watu wawili, kila mmoja na karatasi yake. Kuna wajane waliotolewa kwenye nyumba walizojenga na waume zao kwa sababu karatasi ilikuwa na jina moja, na ndugu wa mume hawakumtambua. Mama mwenye nyumba aliyewalea wapangaji kama wanawe alifariki, na wiki ya pili baada ya arobaini nyumba imeuzwa, wapangaji wamepewa siku saba. Hakuna aliyevunja sheria yoyote kubwa. Wema wa mama ulikuwa wa mama. Watoto walirithi vyumba tu.

Ni kisa kile kile cha Ng'ambo. Aliyetoa kwa utu alijua alichokitoa. Aliyekuja nyuma yake aliona mali. Na mpokeaji alidhani wema hurithiwa kama shamba.

Wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii huwa tunaiona ni ya wafanyabiashara wa dukani, kumbe inamhusu hata mtu mwema. Kumwandikia mtu si kumdharau. Mzee aliyesema "sisi tunaaminiana, karatasi ya nini?" alimpenda mgeni wake, lakini hakumlinda dhidi ya watoto wake mwenyewe.

Dalali naye ana historia

Kufikia miaka ya 1990 mji ulikuwa mkubwa mno kwa maneno ya kibarazani. Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995, mtu wa kawaida akarudi kwenye kujenga tofali kwa tofali. Sheria ya zamani iliyodhibiti kodi za pango ikaondolewa katikati ya miaka ya 2000, na kodi ya miezi sita kwa mkupuo ikawa jambo la kawaida. Sasa mwenye nyumba yuko Kimara, nyumba yake iko Tabata, mpangaji anatoka Mwanza. Hawajuani. Katikati yao akasimama dalali.

Dalali analaumiwa kwa mengi, na mengine ni haki yake. Kuna wanaokuzungusha siku nzima kuona vyumba vilivyoshachukuliwa ili wale nauli. Lakini waangalie waliodumu kwenye kazi hii miaka kumi, ishirini, pale pale kwenye benchi moja chini ya mwarobaini. Hao hawakudumu kwa ujanja. Dalali aliyekuambia "chumba hiki kizuri, ila mvua za masika maji yanaingia mpaka kitandani" alipoteza hela ya mwezi mmoja siku ile. Mvua kubwa za Desemba 2011 zilipokumba bonde la Msimbazi na watu wa Jangwani wakapanda juu ya mapaa, aliyekuwa ameonywa asipange bondeni alijua amwombee dua nani. Na alipopata kiwanja cha kujenga miaka mitano baadaye, alijua ampigie simu nani.

Hiyo ndiyo akili ya mama mwenye nyumba wa Kariakoo, imehama tu kutoka barazani kwenda kwenye benchi, na sasa kwenye simu. Anamsalimia mteja hata kama hana fedha leo. Anakumbuka kuwa mke wa fulani alikuwa mjamzito walipohamia. Anapeleka rambirambi. Anamwambia mwenye nyumba ukweli kwamba bei yake ni ya juu na chumba kitakaa. Mteja wa chumba cha 50,000 leo ndiye mnunuzi wa kiwanja kesho, na mwenye kujua hivyo hamdharau mtu.

Kilichobaki mkononi

Mwaka 2022 sensa ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 Dar es Salaam. Mji wa ukubwa huo hauwezi kurudi kwenye karatasi ya mjumbe na soda nne. Hati, leseni za makazi, mikataba ya pango yenye tarehe na saini, vyote vinahitajika, na anayevikimbia anatafuta matatizo ya wanawe.

Lakini wanaojenga maghorofa leo wakadhani hati inatosha nao wanajidanganya. Hati inasema nani mwenye nyumba. Haisemi nani atakulindia ukisafiri, nani atakupigia simu bomba likipasuka saa nane usiku, wala nani atakuletea mpangaji mwema chumba kikibaki wazi. Hayo yanajibiwa na namna ulivyokaa na watu.

Kwa hiyo kama una vyumba vyako viwili vitatu, fanya kama bibi: mjue mpangaji wako, mvumilie anapostahili, fika kwenye msiba wake. Kisha fanya ambacho bibi hakukifanya. Mwandikie risiti. Andika kilichouzwa, kilichoazimwa na kilichotolewa zawadi, kila kimoja kwa jina lake, uweke nakala kwa mtu mwingine. Waite watoto wako uwaonyeshe mipaka na uwaambie kwa mdomo wako, ukiwa hai na akili timamu, huyu jirani nilimpa nini na kwa nini. Usipowaambia wewe, siku utakayoondoka watasimuliwa na anayetaka kununua.